Gramu Mia na Hamsini

Mfuko wa sukari uliletwa saa nne asubuhi na vijana wawili waliovaa fulana zenye sura ya Mgombea kifuani, sura inayocheka. Hata hodi hawakupiga sawasawa. Walisukuma mlango wakauliza, "Nyumba hii mna kura ngapi?" Mama mwenye nyumba akasema tatu: yake, ya mumewe na ya mwanawe. Wakamkabidhi mfuko mmoja wa kilo mbili, wakachora alama ya chaki mlangoni kama wanaohesabu mbuzi waliochanjwa, wakaenda nyumba ya pili.

Mumewe alikuwa uani anakata kucha. Miaka thelathini na moja alifanya kazi ofisi ya vipimo, akizunguka madukani na sokoni kukagua mizani za watu, na ingawa alikuwa amestaafu muda mrefu, mtaa mzima ulimwita Mkaguzi. Aliingia ndani, akauona mfuko juu ya meza.

"Umetoka wapi huu?"

"Kwa Mheshimiwa. Nyumba zote zimepewa."

"Mheshimiwa wa nini? Kura yenyewe bado haijapigwa."

"Baba Kitinda, usinianze. Mwezi wa tatu huu tunakunywa chai bila sukari. Sukari ni sukari."

Mkaguzi alikuwa ameshaunyanyua mfuko kwa mkono mmoja, akauchezesha kidogo, akakunja uso. Mkewe aliijua sura hiyo. Ndiyo iliyomwaibisha kwenye mabucha yote ya mji.

"Umeufungua?"

"Sijaugusa."

"Haujatimia."

"Yallah! Cha bure nacho unakipima?"

"Kilichoandikwa kilo mbili nakipima, kiwe cha bure, kiwe cha kununua."

Akaenda chumbani akatoka na mizani yake ndogo ya sahani mbili na sanduku la mawe ya shaba. Mawe hayo aliyanunua kwa fedha yake siku alipostaafu, maana serikali ilimuaga kwa soda na barua yenye jina lililokosewa. Akaweka jiwe la kilo mbili upande mmoja, mfuko upande wa pili. Mfuko ukapanda juu. Akaongeza vijiwe vidogo upande wa mfuko, kimoja kimoja, mpaka sahani zikalingana. Gramu mia na hamsini. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye karatasi tarehe, saa, uzito, upungufu, akatia saini. Hakuwahi kupima kitu maishani mwake bila kuandika na kutia saini. Hata mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa alimpima akamwandikia.

Sasa ni lazima niseme jambo moja, ili ieleweke kwa nini mfuko huu haukuwa sukari tu. Mkaguzi alikuwa mjumbe wa kamati ya maadili ya chama. Watu watano walioteuliwa kwa sababu, eti, hawana doa. Jumamosi hiyo walitakiwa kukaa, wampe Mgombea alama za uadilifu, ili jina lake lipelekwe juu au likatwe. Na kanuni ya chama ilisema waziwazi: mjumbe akileta pingamizi la maandishi lenye ushahidi wa rushwa, na lisipojibiwa kwa ushahidi, jina linakatwa. Mkaguzi alikuwa ameisoma kanuni hiyo mara nne. Nadhani ni yeye peke yake aliyeisoma.

"Amejileta mwenyewe," akasema, akiugonga mfuko kwa kidole. "Mpaka nyumbani kwangu amejileta."

"Na mwanao je?" mkewe akauliza.

Hapo Mkaguzi aliacha kuugonga mfuko. Mwanawe, kitinda mimba wao, mtu mzima wa miaka thelathini na miwili aliyerudi kwa wazazi baada ya kiwanda kufungwa, alikuwa amepata kibarua wiki mbili zilizopita. Kazi yenyewe ilikuwa kusimamia upakiaji kwenye ghala la Mgombea. Sukari hiyo aliifunga yeye.

*

Kesho yake Mkaguzi alichukua mizani yake akapita nyumba kumi na mbili kukusanya ushahidi. Alitaka kuonyesha kwamba si mfuko mmoja, ni mtaa mzima ulionunuliwa. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, hakuweza kuuona mfuko akauacha bila kuupima. Akapima yote kumi na miwili. Yote imepungua gramu zilezile mia na hamsini. Akaandika, akatia saini, mwenye nyumba naye akatia saini chini yake.

Fundi viatu wa jirani alisimama mlangoni kwake na sindano mdomoni, akaitazama ile sahani inavyopanda. Akaitoa sindano.

"Yaani mzee, unaniambia nimepunjwa?"

"Nakwambia umehongwa."

"Hilo la kuhongwa nalijua, sote tunalijua. Nauliza la kupunjwa."

"Fundi, huyu mtu anakununua!"

"Sasa si anunue kwa bei kamili? Ana ghala zima, ana malori saba, halafu ananikatia gramu? Mkono wa birika mpaka kwenye hongo! Huyu akipata ubunge si atatukata hadi vidole?"

Habari ikatoka mlangoni kwa fundi viatu ikakimbia mtaani. Saa sita haijafika, watu walikuwa wanabeba mifuko yao kwenda kwenye duka la dawa kuipima kwenye mizani ya kupimia watoto. Walikasirika kweli. Mama mmoja alilia. Aliyelia hakulia kwa sababu mtu ameingia nyumbani kwake kuuliza kura ngapi kama anayeuliza bei ya mayai. Alilia kwa ajili ya vijiko kumi na kitu vya sukari. Mkaguzi alisimama katikati yao akirudia, "Si upungufu, jamani, ni rushwa, ni rushwa," na watu wakimwitikia, "Kabisa mzee, wametupunja."

Kinyaa kilimpata hapo. Lakini pingamizi lake aliliandika usiku uleule kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini, na kichwa cha habari kilisomeka: *Pingamizi kuhusu ugawaji wa sukari, mifuko kumi na mitatu, kila mmoja pungufu ya gramu 150.* Mkewe alilisoma kwa juu ya bega lake.

"Hiyo ya gramu ya nini? Si uandike rushwa, ufunge?"

"Ripoti isiyo na vipimo si ripoti, Mama Kitinda."

Hilo ndilo kosa alilolifanya, na hakuna mtu mwingine mjini ambaye angelifanya.

*

Mgombea alikuja siku mbili baadaye, asubuhi, na magari mawili, habari za pingamizi zikiwa zimeshamfikia. Aliingia na wapambe watatu. Mmoja wao alitoa leso akafuta kiti, kile kiti alichokipangusa mama wa nyumba dakika ileile, ndipo bwana wake akakaa. Mama aliona. Akaleta maji kwenye bilauri yake nzuri. Mgombea akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaiweka chini bila kuonja, na mpambe akamfungulia chupa ya maji waliyokuja nayo. Nje, dirishani na mlangoni, majirani walikuwa wamejaa.

"Mzee wangu," Mgombea alianza, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayetoa pole msibani. "Nimekuja kwa uchungu. Nimeibiwa."

"Wewe?"

"Mimi. Sukari yangu ilitoka kwenye magunia ikiwa kamili. Mifuko elfu moja na mia nane. Ukipiga hesabu, zimepotea kilo mia mbili na sabini. Zimekwenda wapi? Nikaomba daftari la ghala. Msimamizi aliyetia saini ni huyu hapa." Akamwonyesha Kitinda kwa kidevu. "Damu yako."

Kitinda alikuwa amesimama karibu na kabati, mikono imemning'inia. "Sijachukua hata punje, Mheshimiwa."

"Mimi sijasema umechukua. Polisi ndio watakaosema. Nimeshaongea nao, nimewaambia wasubiri kwanza nionane na mzee, maana ni mtu ninayemheshimu." Akageuka kwa Mkaguzi, akateremsha sauti kidogo. "Na Jumamosi tuna kikao chetu cha maadili. Mambo ya nyumbani tuyamalize nyumbani, mzee. Wewe unachana kakaratasi kako, mimi nachana kangu."

Tazama uchafu huu. Kugawa hongo hakukuwa kosa, kila mtu mle ndani alilikubali kama mvua. Kosa, la kufungwa, lilikuwa kuiiba hongo njiani.

Mama alikuwa amepiga magoti. Hakuna aliyemwambia apige magoti. "Mheshimiwa, mwanangu hana tabia hiyo. Baba Kitinda, sema neno. Chana hiyo karatasi. Utafungisha mtoto kwa ajili ya sukari?"

Mkaguzi alimwangalia mwanawe. "Ulichukua?"

Lilikuwa swali la kazi, alilouliza wauza nyama na wauza mkaa miaka thelathini na moja. Lakini Kitinda alilisikia kama la baba.

"Na wewe unaniuliza?"

"Jibu."

"Nilipima kama nilivyopewa. Jiwe la kilo mbili la dukani, mfuko upande wa pili, sahani zikilingana nafunga. Mfuko mmoja mmoja. Siku nne sikunyoosha mgongo. Na jioni walikuwa wananipekua mfukoni, baba. Mimi, na umri huu. Wananipekua mpaka kwenye soksi."

Mkaguzi alivaa miwani yake taratibu.

"Nataka kuliona hilo jiwe," alisema.

"Jiwe la nini tena, mzee?" Mgombea akacheka. "Tuongee ya maana."

Lakini fundi viatu alikuwa ameshaingiza kichwa dirishani. "Jiwe lipimwe!" Na nyuma yake sauti zikapokea, jiwe lipimwe, jiwe lipimwe. Mgombea aliwatazama, wengi wao ni kura, akatabasamu kwa meno yote. "Lipimwe. Mimi sina cha kuficha. Twendeni."

*

Ghala lilikuwa nyuma ya duka lake la jumla, duka ambako nusu ya mji ilinunua unga, mchele na sabuni kwa miaka kumi na mmoja. Kitinda aliitoa mizani kubwa akaiweka kwenye meza ya kufungia, mbele ya watu wapatao mia. Mkaguzi akafungua sanduku lake. Jiwe lake la shaba sahani hii, jiwe la chuma la dukani sahani ile. La shaba likashuka, la chuma likabaki juu.

Watu wakaguna.

Akalishika jiwe la chuma, akaligeuza. Chini ya jiwe la namna hiyo huwa kuna kitundu kilichozibwa kwa madini ya risasi, na juu ya risasi muhuri wa serikali. Hapakuwa na muhuri. Palikuwa na rangi nyeusi mpya. Akatoa kisu kidogo akakwangua, na badala ya risasi ikatoka nta, nta laini ya mshumaa, ikajikunja kwenye ncha ya kisu. Akaendelea kuchokonoa. Tundu lilikuwa limechongwa ndani mpaka kidole gumba kikaingia.

"Jiwe limetobolewa," akasema. "Kijana hana kosa. Amepima sawasawa kwa jiwe la wizi."

Kitinda alikaa juu ya gunia akafunika uso. Mama yake alimshika kichwa. Na kwa dakika moja hivi, mjue, mambo yalikuwa yanakwenda kugeuka. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Hilo jiwe lina muda gani humu dukani?" Mwingine akajibu, "Hata mimi nimepimiwa kwa hilo." Watu wakaanza kutazamana. Miaka kumi na mmoja ya unga. Fundi viatu alikuwa amekunja ngumi.

Mgombea akaruka juu ya meza. Yakamjia machozi, machozi ya kweli, sijui aliyatoa wapi.

"Ndugu zangu! Nimesalitiwa! Meneja wa duka yuko wapi? Wewe, njoo hapa. Unawaibia wazazi wangu? Toka! Toka sasa hivi, kazi huna!" Meneja, aliyekuwa na daftari mkononi, alifungua mdomo, akamwangalia bosi wake machoni, akaufunga. Akatoka kwa mlango wa nyuma, mlango uliokuwa umeshafunguliwa. "Sasa sikilizeni. Kila nyumba ya mtaa huu itarudishiwa gramu zake mia na hamsini, leo, hapahapa. Na juu yake, mfuko mwingine wa nusu kilo, pole kutoka kwangu! Na atakayepima si mtu wangu. Atapima mzee wetu Mkaguzi, kwa mawe yake mwenyewe!"

Shangwe zilizopigwa hapo, hata siwezi kuzieleza. Foleni ilijipanga yenyewe. Mama aliyelia juzi alikuwa wa tatu. Fundi viatu alifungua ngumi akauliza kama mwenye nyumba mbili anapanga foleni mara mbili.

"Sipimi," Mkaguzi alisema.

Mpambe yule wa leso akamsogelea sikioni. "Mzee, polisi wanataka karatasi. Bila ripoti yako ya kwamba jiwe ndilo bovu na kila mfuko umetimizwa, jina la mwanao linabaki kwenye daftari."

Kitinda aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na baba yake alikumbuka habari ya soksi.

Akapima. Alipima kutwa nzima, mfuko kwa mfuko, akiongeza kijiko, akipunguza punje, maana mikono yake haikujua kupima vibaya hata pale roho ilipotaka. Kila aliyeondoka alimwambia, "Mungu akuweke, mzee, umetupigania." Na jioni akaandika ripoti. Aliandika ukweli mtupu: jiwe lilikuwa pungufu; mpakiaji hana kosa; upungufu umefidiwa wote; mifuko imehakikiwa. Akatia saini. Polisi wakachukua nakala moja, mpambe akachukua nyingine, Kitinda akaenda zake nyumbani huru.

*

Jumamosi kamati ilikaa kwenye ofisi ya chama, chumba chenye feni isiyozunguka. Mbele ya kila mjumbe palikuwa na chupa ya maji, kalamu mpya, na bahasha ya nauli. Mkaguzi aliitazama bahasha yake. Nyumbani kwake mpaka ofisini hapo ni kutembea dakika saba. Akaisukuma katikati ya meza. Baada ya muda haikuwepo tena.

Alisimama akasoma pingamizi lake tangu mwanzo hadi mwisho. Katibu wa chama, mwanamume mnene mwenye adabu nyingi, alimsikiliza akiitikia kwa kichwa.

"Ahsante sana mzee wetu. Tumepokea. Kwa hiyo pingamizi lako ni la mifuko kumi na mitatu kupungua gramu mia na hamsini."

"Pingamizi langu ni rushwa."

"Ndiyo, lakini hapa juu umeandika pungufu. Nasoma mwandiko wako." Akafungua jalada lake. "Na hapa nina majibu. Tena yenye ushahidi, kama kanuni inavyotaka." Akaweka mezani karatasi moja. Mkaguzi hakuhitaji miwani kuitambua. "Ripoti ya mkaguzi mstaafu wa vipimo. Upungufu umefidiwa wote, mifuko imehakikiwa. Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi."

"Basi nini? Ile sukari ni hongo! Kila mtu humu anajua ni hongo!"

"Mzee," Katibu alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, "kama ilikuwa hongo, mbona uliipima?"

Wajumbe watatu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama mtu anavyocheka mzigo ukishuka kichwani. Mkaguzi alilikunja pingamizi lake mara mbili, akakaa.

Alama zikatolewa. Yeye alitoa sifuri. Wenzake wanne walitoa kumi kumi. Arobaini kati ya hamsini, na kiwango cha kupita kilikuwa thelathini. Kwenye nafasi ya maelezo, Katibu aliandika huku akijisomea kwa sauti: "Mgombea ni mwadilifu. Alipobaini kasoro katika zawadi zake kwa wananchi alizirekebisha mara moja, mbele ya umma, chini ya usimamizi wa mtaalamu. Rejea kiambatisho." Akaibana ripoti nyuma ya fomu kwa pini.

Mkaguzi alipotoka nje, gari la matangazo lilikuwa tayari linapita barabarani na spika zake mbili. "Mgombea pekee aliyepimwa akatimia! Mgombea pekee aliyepimwa akatimia!" Kijana mmoja juu ya gari alimwona, akampungia mkono kwa heshima.

*

Nyumbani chai ilikuwa tayari. Kitinda alikuwa amelala usingizi mzito chumbani, usingizi wa kwanza tangu Mgombea aingie mle ndani. Mkewe alimsogezea kikombe, akamsogezea na mfuko wa sukari, ule wao, uliokuja na alama ya chaki na kutimizwa ghalani. Hakumuuliza kikao kimekwendaje. Gari la matangazo lilikuwa limeshampitia.

"Mwanao yuko ndani amelala," alisema. "Mimi hilo linanitosha. Kunywa chai."

Mkaguzi hakugusa kikombe. Aliinuka, akaleta mizani, akaweka jiwe la shaba huku na mfuko kule.

"Ee Mungu wangu," mkewe akasema. "Nini tena? Bado unapungua?"

Alisubiri sahani zitulie. Zilitulia sawa kwa sawa, ulimi wa mizani umesimama katikati, hauegemei popote. Alikuwa ameupima mwenyewe, kwa mkono wake, na mkono wake haukuwa umekosea.

"Haupungui," alisema. "Umetimia."

Akachukua kalamu ili aandike, maana alikuwa amezoea. Akaitazama karatasi. Kisha akaiweka kalamu chini, akatoka uani, akainama kwenye mfereji wa maji machafu, akatapika. Mkewe alimsikia. Alichukua kijiko, akatia sukari kwenye kikombe chake mwenyewe, vijiko viwili, akakoroga kimyakimya, akanywa.